Mpishi Aliyeanika Mashuka Siku ya Sabato

Yalikuwa mashuka sita. Niliyahesabu nikipanda kwenda kanisani na nikayahesabu tena nikishuka, kwa sababu muuza ndizi haamini hesabu ya kwanza, hata kama ni ya mashuka ya watu. Sita, meupe, yametandazwa juu ya ua wa barabarani siku ya Sabato, saa tatu asubuhi, wakati upande wetu wote wa Gesima unapita ukiwa umevaa viatu vya kung'aa. Mwenye mashuka alisimama katikati yake, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, akimsalimia kila mtu kwa jina lake. Hakuna aliyeweza kujifanya hakuona.

Huyo ndiye Mpishi. Jina lake liko kwenye kitambulisho kama la mtu mwingine yeyote, lakini alipika katika shule ya bweni miaka thelathini na ushee, na alipostaafu alirudi nyumbani na jina la kazi likamfuata. Mashuka yalikuwa ya mama yake, ambaye alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani.

Namwandika sasa kwa sababu mwaka huu Mpishi mwenyewe ndiye aliye kitandani. Aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Ana mwana mmoja tu, mtu mzima wa ofisini huko Kisii mjini, na tangu baba atoke hospitalini mwana huyo alikuwa haingii chumba alicholazwa. Alileta vitu. Alisimama sebuleni na kuuliza hali. Ninajua kabisa pale alipokuwa akisimama, maana nami niliwahi kusimama hapo, katika nyumba nyingine, na Mpishi ndiye aliyenitoa.

Kwetu Kisii na Nyamira tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima iliyochanganywa na aibu, kati ya mzazi na mtoto. Mwanamume akishatahiriwa haingii chumba wanacholala wazazi wake. Baba naye haingii nyumba ya mwanawe akapita sebule. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao. Hata kuharisha husemwa kwa kuzunguka mlima. Ni sheria nzuri, na mimi sitaki ife. Inafanya nyumba ndogo iwe na nafasi ya watu wengi. Ila iliwekwa na watu wenye afya. Mjukuu anaruhusiwa kumwosha babu yake, na hutaniana hapo hapo bila shida, lakini wajukuu siku hizi wako mabwenini na likizo ni tatu kwa mwaka. Mgongo wa mgonjwa haungoji likizo.

Mpishi alikuwa mjane, na dada zake wameolewa mbali. Mama yake alipoacha kutembea, siku ya kwanza alimwita jirani mwanamke aje amwogeshe. Siku ya pili jirani alikuwa na chai ya kuchuma. Siku ya tatu aliingia mwenyewe na karai.

"Nilipiga hesabu," aliniambia baadaye. "Nikaona nitakuwa nikiomba watu mara mbili kwa siku mpaka mmoja wetu afe. Aibu ya kuomba hivyo nikaiona ni kubwa kuliko aibu ya kuosha."

Akaosha miaka minane.

Walicheka, bila shaka. Sokoni walimwita bibi harusi. Alipopita kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, vijana walikuwa wakiuliza kwa sauti kama leo amepaka mafuta au bado. Yeye alikuwa akisimama na kujibu kana kwamba ameulizwa bei: "Nimepaka. Na mama yako, ni nani anampaka?" Kisha anasubiri jibu. Hiyo ndiyo tabia yake iliyowachosha watu. Mtu mwingine akitukanwa huondoka au hupigana. Mpishi alisubiri jibu.

Wazee wa kanisa walikwenda kumwona kuhusu yale mashuka. Walikuwa watatu, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka mkungu wa ndizi za kupika na tulikuwa bado hatujapatana.

"Ndugu," mmoja alianza, "Sabato si siku ya kufua."

"Najua. Nendeni mkamwambie mama asubiri jua lizame. Yuko chumba kile."

Hakuna aliyeinuka.

"Basi ungeanika nyuma ya nyumba," wa pili akasema. "Watu wanapita hapa wakienda ibadani."

"Nyuma hakuna jua."

"Ndugu, ukweli."

"Ukweli ni kwamba nyuma hakuna jua, na huku mbele watu wanapita. Vyote viwili vinanifaa."

Wakampumzisha ushemasi kwa nusu mwaka. Alikubali adhabu bila neno, akaendelea kuja ibadani kila wiki na kuketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Saa tano na nusu kamili alikuwa akisimama, mhubiri akiwa katikati ya sentensi, na kutoka na viatu vyake vilivyolia kwi, kwi, kwi sakafuni. Ilikuwa saa ya kumgeuza mama. Alirudi kwenye wimbo wa kufunga, akaimba sauti ya nne kwa nguvu kuliko wote. Mhubiri mmoja mgeni alifikiri amemkwaza kwa mahubiri, akamfuata baadaye kumwomba radhi. Mpishi akamwambia mahubiri yalikuwa mazuri, ila marefu kuliko ngozi ya mtu wa miaka tisini inavyoweza kustahimili.

Msidhani alikuwa mpole. Wanaomkumbuka kwa huruma hawakuwahi kusimama karibu naye na karai la maji yaliyopoa. Alikuwa na hasira ya jikoni, ile ya mtu aliyezoea wanafunzi mia sita wakigonga sahani. Aliwafokea wagonjwa kama alivyowafokea wazima. Nilipomwuliza kwa nini hasemi nao taratibu, alisema, "Mtu akishaanza kuongeleshwa kama mtoto anajua ameshazikwa."

Kuna binti wa nyumba moja alikuja kutoka Nairobi kumtazama nyanya yake, akamwinamia na kusema kwa sauti nyembamba, "Nyanya, tumekunywa dawa zetu?"

Mpishi, aliyekuwa akikunja shuka, akauliza, "Wewe umekunywa ipi?"

"Mimi sijanywa. Namuuliza yeye."

"Basi mwulize yeye. Ana masikio mawili na alilea watoto tisa."

Yule nyanya akacheka hadi akakohoa. Binti hakucheka. Lakini mwezi uliofuata alipokuja aliketi kwenye kigoda na kuuliza mambo ya maana, na nilimwona akiandika.

Maana kufikia wakati huo Mpishi alikuwa ameshakuwa mtu wa kuitwa. Mama yake alikuwa amekwisha fariki, na watu waliokuwa wakimcheka walikuwa wameanza kuwa na wazee wao. Walimwita wakati jua limekwisha zama wasije wakaonekana, naye alikuja asubuhi iliyofuata, kupitia barabara kuu, akiulizia njia kwa kila duka ingawa aliijua. "Naenda kwa fulani kumgeuza baba yake." Alitaka ijulikane.

Alifundisha kwa kazi yake. Kuinua mtu, alisema, ni kuinua gunia la kilo tisini: unapiga magoti, unaliweka karibu na kifua, mgongo wako haufanyi kazi. Tofauti ni kwamba gunia halioni haya. Kwa hiyo kabla ya kushika, unasema unachotaka kufanya. "Nakuinua sasa." "Nakugeuzia ukutani." Shuka la chini analikunja mara mbili, analipitisha chini ya mgonjwa, na watu wawili wanamvuta kwa shuka bila kumkwaruza. Leso iliyoviringishwa inakaa chini ya vifundo, visigino vielee. Maji yanapimwa kwa kiwiko. Na kila siku unakagua sehemu saba: visigino viwili, nyonga mbili, mabega mawili, na pale chini uti wa mgongo unapoishia. Nilipenda kwamba ni saba. Kitu chenye idadi ninakielewa.

"Uliza mgongo," alikuwa akituambia. "Mdomo utasema uko salama."

Chakula ndicho kilichomkosanisha na kila mtu. Hakuamini chakula cha wagonjwa. Alimkuta mzee mmoja ambaye wanawe walikuwa wakimpa uji mtupu asubuhi, mchana na jioni, akaumwaga mbele yao. Akapika ugali wa wimbi mlaini, akachemsha mboga ya chinsaga na maziwa hadi uchungu ukaisha, akaipondaponda, akampa mzee kwa kijiko kidogo, ameketishwa wima, akingoja ameze kabla ya kijiko kingine. Ilichukua saa nzima. Mwana mmoja akasema hawana saa nzima. Mpishi akasema, "Kwenye matanga yake utakuwa na wiki mbili."

Lakini mambo mengine alijua hayako mikononi mwake. Kidonda kikishafunguka alimtuma mtu zahanati siku hiyo hiyo, akamwita nesi aje na dawa na bandeji, na hapo alisimama kando amenyamaza, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Vidonge hakugusa bila kusomewa karatasi mara mbili. Hiyo ndiyo sababu moja tulielewana.

Na alikuwa na kasoro zake, nami sitazificha nikaonekana nauza ndizi zilizooshwa. Alikuwa mchoyo wa sukari kupita kiasi. Aliiba kwenye mchezo wa dama na akikamatwa alisema macho yameanza kupungua. Aliogopa sindano. Mtu huyu aliyewaambia wengine wapimwe presha kila mwezi, yeye siku ya kliniki alikuwa na mahindi ya kupalilia, hata wakati ambapo shambani hakukuwa na mahindi. Na hakula mbele ya watu. Alipika, alipakua, alilisha, kisha alitoweka na sahani yake nyuma ya nyumba. Alipenda kuwa mwenye mwiko. Kuwa mwenye sahani hakukuweza.

Sasa niseme ya baba yangu.

Alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Alikaa hospitalini siku kumi na moja, wakaturudishia pamoja na karatasi ya maagizo. Mama alikuwa ameshatangulia. Nilifanya ninachojua, nikanunua. Godoro jipya, nepi za watu wazima, makarai mawili, glavu, flaski, redio. Vitu kumi na vinne, nilivihesabu dukani na nikavihesabu tena mlangoni. Nikaajiri mwanamume mmoja kutoka Nyaramba amtunze, mtu mtaratibu, wa sala. Kila asubuhi kabla ya kwenda soko la Keumbu kushusha ndizi nilisimama sebuleni, mbele ya pazia la chumba chake.

"Tata, umeamkaje?"

"Vizuri."

"Umeoga?"

"Nimeoga."

Nikaondoka nimeridhika. Yule wa Nyaramba alikuwa rika langu, kwa hiyo kimila naye alikuwa kama mwana. Aliosha uso, mikono na miguu ya mzee. Kati ya shingo na magoti hakugusa, kwa heshima. Baba hakumwambia mtu, kwa heshima. Mimi sikuuliza zaidi, kwa heshima. Tulikuwa wanaume watatu wenye heshima sana, na mmoja wetu alikuwa anaoza.

Kinachoniuma mpaka leo ni sabuni. Mche mmoja ulikaa wiki tano. Mimi, ninayeutazama mkungu ukiwa bado juu ya gari na kukuambia una vichana vingapi, sikujiuliza sabuni ya mtu anayeogeshwa kila siku inakaaje wiki tano. Nilihesabu kila kilichopita mlango ule kuingia, nikasahau aliyekuwa ndani.

Tena nilikuwa nimekwisha leta fundi apige plasta ukuta wa mbele. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Mzazi akizidiwa tunatengeneza nyumba, kwa sababu watu watakuja, na hakuna anayesema watakuja kufanya nini.

Mpishi alikuja bila kuitwa. Alimkuta fundi juu ya ngazi.

"Ukuta unaumwa?" akamwuliza.

Fundi akamwelekeza kwangu kwa mwiko wake. Mpishi akaingia sebuleni, akasimama, akavuta pumzi kwa pua mara mbili, kama mtu aliyefungua stoo ya shule siku ya kwanza ya muhula.

"Hapa kuna nyama inaharibika," akasema.

Nilitaka kumtoa nje. Yeye alikuwa ameshapita pazia. Nikasikia sauti yake na ya baba, za chini. Alipotoka alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Njoo."

"Siwezi. Ni baba yangu."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Kama ni baba wa jirani ningemwita jirani."

Hapo nikaanza kupatana bei, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza. Nikasema nitaajiri mtu wa pili. Akasema wawili watamwogopa kuliko mmoja. Nikasema nitamrudisha hospitalini. Akasema nesi ataitwa leo, lakini nesi ataondoka saa kumi. Nikasema nitashika karai hapa mlangoni, yeye aoshe.

"Mlango hauna kidonda," akasema.

Nikashuka mpaka bei yangu ya mwisho: nitaingia, ila nimefumba macho.

"Ingia," akasema. "Ingia hivyo hivyo."

Niliingia nimefumba macho katika chumba ambacho sikuwa nimekanyaga tangu nikiwa na miaka kumi, nikakanyaga karai, maji yakanijaa viatuni. Nikafumbua. Baba alikuwa amelala ubavu, mgongo wazi, na pale uti wa mgongo unapoishia palikuwa na kidonda ambamo ningeweza kuweka ngumi.

"Nani huyo?" baba akauliza, uso ukiwa ukutani.

"Ni mimi, Tata."

"Toka."

"Mzee," Mpishi akamwambia, "huyu ulimwona uchi miaka mingapi? Sasa anakulipiza. Mwache alipize."

Sikutoka. Mwishowe baba akatoa bei yake.

"Basi asizungumze. Akiwa hapa ndani asizungumze, na mimi nisizungumze."

Tukapatana hivyo. Nesi alikuja, akasafisha kidonda, akatuonyesha, akawa anakuja kila siku ya pili. Yule wa Nyaramba nilimbakisha apike na asaidie kuinua. Mimi niliosha. Kila asubuhi, mwaka mmoja na miezi miwili, nilimwosha baba yangu na hatukusemezana neno chumbani. Mpishi alikuwa amenifundisha kusema kila ninachotaka kufanya kabla ya kugusa. Nikabadilisha, nikawa nagonga kitanda mara moja kwa kugeuka na mara mbili kwa kuinuka. Baadaye tunamtoa na kumketisha kwenye kiti sebuleni, namnywesha chai, na hapo anafungua mdomo: ndizi zimeuzwaje, nani amenipunja, lori la Keumbu limeharibika tena? Kama vile aliyemwosha alikuwa mtu mwingine, ambaye sote wawili tulimheshimu na hatukumjua.

Kidonda kilifunga mwezi wa tano. Baba alifariki mwaka uliofuata kwa ugonjwa mwingine, mgongo mzima. Nalirudia hilo kwa yeyote anayesema tulivunja mila. Mgongo mzima.

Kwa hiyo mwana wa Mpishi aliponipigia simu, nilijua atakachosema.

"Kaka, wewe umezoea," akasema. "Naomba uje umwogeshe mzee. Mfanyakazi wa tatu ameondoka Jumatatu. Anawafukuza wote."

Nilifika asubuhi. Alikuwa sebuleni na tai shingoni, na karibu naye godoro jipya, nepi, makarai mawili. Sikuhesabu. Nilijua ni vingapi.

Mpishi alikuwa amekonda hadi taya zikachomoza, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuuliza mgongo."

Akageuka kwa shida, nikakagua zile sehemu saba. Sita zilikuwa nzima. Pale chini palikuwa pekundu, pamevimba, ngozi bado haijafunguka. Nilibonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Yeye mwenyewe alinifundisha maana ya hilo: siku chache, si wiki, ngozi ifunguke.

"Mimi hushinda Keumbu," nikamwambia. "Naweza kuja siku mbili kwa wiki. Zinabaki tano. Mwanao yuko hapo nje."

"Yeye hapana."

"Kwa nini?"

"Ni mtoto wangu."

"Na mimi nilikuwa mtoto wa nani, Mpishi?"

"Ya kwako ilikuwa kazi," akasema. "Hii ni mimi."

Nilikasirika. Mtu amekwenda nyumba kwa nyumba akiwafungulia watu mapazia, sasa anashikilia lake kwa meno. Nikamwambia hivyo, kwa maneno mabaya zaidi kuliko haya. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alichekwa miaka minane kwa sababu yangu. Shuleni, njiani, kanisani. Mimi nilichagua. Yeye hakuchagua. Sitaki aanze tena uzeeni mwangu."

Nikaenda kusimama kwenye pazia, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama dalali wa ng'ombe. Mwana alikuwa amesikia yote. Nyumba zetu hazina kuta za kuficha kitu.

"Bei ya baba yako umeisikia," nikamwambia. "Yako ni ipi?"

Hakunijibu mimi. Alizungumza na pazia.

"Tata, nani alikuambia nilichekwa nikanyamaza? Nilipigana."

Kutoka ndani, "Na nani?"

"Wale wa kwa fundi viatu. Mara mbili."

"Ulishinda?"

"Mara moja."

"Na ya pili?"

"Walikuwa wawili, Tata."

Mpishi akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi. "Hukuniambia."

"Ungekwenda kwao kusubiri jibu."

Nilitoa mguu wangu mlangoni. Mwana alifungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Akavua viatu, jambo ambalo mimi sikulifikiria siku yangu.

"Akiingia," Mpishi akapaza sauti, na sasa ilikuwa sauti ya wanafunzi mia sita, "mimi ndiye ninayeamuru. Sitaki mtu wa kunyamaza humu kama wale wa kwa muuza ndizi. Kila kitu atakifanya nikisema, na nikisema amekosea amekosea."

"Nimekubali," mwana akasema.

"Hujasikia bei yote."

"Nimekubali, Tata."

Akapita pazia akiwa na karai. Mimi nikatoka nje, maana kazi ya dalali huishia hapo, nikaketi kwenye ngazi ya veranda.

Wanawake wanne walikuwa wakipita na vikapu vya chai mgongoni kuelekea kituoni. Kutoka dirishani ilikuja sauti ya Mpishi: "Kiwiko. Nimesema kiwiko, si kidole. Unaosha mtu au unaosha gari?" Wanawake wakapunguza mwendo.

"Kuna nini humo?" mmoja akaniuliza, macho chini, kwa sauti ya kuuliza jambo ambalo halifai kuulizwa.

Ningeweza kusema nesi amekuja. Ningeweza kusema mzee ana homa kidogo. Nikasimama ili nisikike mpaka ng'ambo ya barabara.

"Mzee anaogeshwa na mwanawe."

"Mwanawe yupi? Yule wa ofisini?"

"Huyo huyo. Ingia umwone kama unabisha."

Hawakuingia. Walitua vikapu kando ya barabara, wakasimama pale wote wanne, chai yao ikinyauka juani, wakisikiliza Mpishi akimfundisha mwanawe jinsi ya kumgeuza mtu bila kumwumiza.